Malenga na Marenga: Ugogo Katika Maandishi ya Safari

Msomaji wa Pwani aliyelelewa na mashairi huijua bahari hata kabla ya kuipanda. Anajua kusi na kaskazi, anajua kujaa na kupwa, na akikuta jahazi ndani ya ubeti hahitaji kuelezwa kwamba huenda jahazi hilo ni mtu, au dola, au penzi lililokosa nahodha. Ama uwanda wa juu wa kati, ule ambao Dodoma imekaa juu yake kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, msomaji huyo huyo huujua kwa njia nyingine. Huujua kwa habari za waliopita. Miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya nathari ya Kiswahili yaliyochapishwa, mengi ni ya safari, na njia kuu ya safari hizo ilipita Ugogo. Kwa hivyo picha ya Ugogo iliyomo katika fikra za Pwani ni picha iliyochorwa na mtu mwenye kiu, mwenye haraka, na mwenye mali begani mwa watu wengine. Makala haya yanakusudia kuipima picha hiyo, na kuuliza kama mwenyeji wa nchi hiyo aliwahi kuijibu.

Yafaa kuanza na majina. Msafara uliotoka Bagamoyo, ukishapanda milima ya Usagara na kupumzika Mpwapwa, ulikabiliwa na pori kavu lililoitwa Marenga Mkali. Ukivuka hapo ndipo ulipoingia Ugogo. Ukitoka Ugogo kwa upande wa magharibi, kulikuwa na pori jingine, Mgunda Mkali, kabla ya kuifikia Unyamwezi. Katika lugha za huko marenga, au malenga, ni maji. Na mgunda ni shamba. Maji makali, basi, na shamba kali: nchi imewekewa ukali pande zote mbili, kama mlango wenye makomeo mawili. Hayo ndiyo majina yaliyoenezwa na misafara, na ndiyo yaliyoingia katika ramani na vitabu vya Ulaya.

Sasa na lisikilizwe jina la mji wenyewe. Masimulizi mashuhuri ya Wagogo yanasema kuwa Dodoma imetokana na neno la kuzama: tembo alikuja kunywa maji, akanasa katika tope, akadidimia mbele ya macho ya watu. Ukweli wa kisa hicho hauwezi kuthibitishwa, na wala haudhuru. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba nchi ile ile ambayo mpita njia aliiita kwa uchungu wa maji yake, mwenyeji aliiita kwa mahali ambapo maji yalitosha kumzamisha tembo. Katika majina haya mna mwono wa aina mbili, na nathari ya safari imeufuata mmoja tu.

Mfano mkubwa kupita yote ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905 na ambaye nyumba yake ingaliko Shangani. Aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akayatoa kwa hati za Kirumi mjini Berlin katika miaka ya 1902 na 1903, baadaye W. H. Whiteley akayarudisha Afrika Mashariki kwa toleo lenye tafsiri ya Kiingereza. Uzuri wa nathari hii hauna haja ya kutetewa. Sentensi zake ni fupi, zimebebwa na vitenzi, na hazina pambo. Msimulizi hafafanui alichokihisi. Anasema alikwenda, akafika, akanunua, akapigana, akaondoka. Kasi hiyo ndiyo inayomfanya msomaji wa leo ashindwe kukiweka kitabu chini.

Lakini kasi hiyo ina gharama yake. Katika kitabu hicho nchi huhesabiwa kwa frasila za pembe, kwa deni lililochukuliwa kwa matajiri wa mjini, na kwa siku za mwendo. Mahali huonekana panapouzwa kitu au panapozuka vita. Mlima hauna umbo, mto hauna rangi, na mtu wa mahali aghalabu hana neno ila pale anapoidai mali au anaposhindwa vitani. Hii si kasoro ya ufundi. Ni hesabu ya mfanyabiashara iliyogeuzwa hadithi, na mtu anayejua alichokuja kutafuta hana sababu ya kutazama pembeni. Pembe hizo, pamoja na watu waliofungwa minyororo, ziliteremka kwa njia hiyo hadi Bagamoyo, zikavuka mkondo, zikafika Unguja. Msomaji wa visiwani anapoisifu nathari hii, na ana haki ya kuisifu, asisahau kwamba hata mawe ya mji wake yamo katika hesabu ile.

Huenda ikasemwa kwamba hivyo ndivyo Waswahili wa zama zile walivyoandika, na kwamba kutazama nchi kwa ajili ya kuitazama tu ni desturi ya wageni. Hoja hiyo inavunjwa na kitabu cha wakati ule ule. Mwaka 1901 Carl Velten, aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin, alitoa mkusanyo wa Safari za Wasuaheli. Humo mna safari ya bara ya Selemani bin Mwenye Chande, na humo humo mna safari ya Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia. Salim alikuwa mtumishi. Hakuwa na pembe za kununua wala deni la kulipa. Basi akatazama. Akaandika habari za baridi, za mito, za milima yenye theluji, za vyakula na nyumba na mwenendo wa watu ambao hakuwa na kamusi ya kuwaelezea. Mtu wa bahari ya joto alipelekwa katika nchi ya barafu, na nathari ya Kiswahili ikamtosha kwa kila alichokiona.

Kwa hiyo uwezo ulikuwepo. Lugha iliyoweza kuieleza Siberia ingaliweza kuieleza Ugogo, mbuyu kwa mbuyu. Kilichokosekana ni nafasi ya mtazamaji. Salim alikuwa mgeni asiye na mamlaka, na ugeni huo ulimfundisha adabu ya macho. Msafiri wa bara alikuwa mgeni mwenye bunduki na bidhaa, aliyejiona mungwana miongoni mwa washenzi, na neno hilo la ushenzi lilimfungia mlango ambao alidhani amewafungia wenzake. Aidha, ni haki kukumbuka kwamba maandishi yote haya yalichapishwa kwa ajili ya Wajerumani waliokuwa wakijifunza lugha ili waitawale nchi. Mwandishi alijua nani atakayesoma. Huenda naye alitoa kile alichoona kinatakiwa.

Jambo lililowaunganisha wasafiri wote, Waswahili, Waarabu na Wazungu, lilikuwa malalamiko ya hongo. Richard Burton alipita Ugogo mwaka 1857 na kuandika katika kitabu chake cha mwaka 1860. Henry Stanley alipita mwaka 1871 akaandika mwaka uliofuata. Na wote wawili waliwatungia watemi wa Ugogo, akiwemo Magomba wa Kanyenye, sura za walafi na wakaidi wanaoomba nguo bila kushiba. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi hata neno hongo lenyewe limebaki katika Kiswahili likiwa na maana ya rushwa. Ni vigumu kupata mfano bora wa namna fasihi ya upande mmoja inavyoweza kuhukumu watu hadi ndani ya kamusi.

Ikitazamwa kwa utulivu, hongo ilikuwa nini? Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, takriban kuanzia Disemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida mvua hiyo haizidi sana milimita 550 au 600. Miezi mingine mito hugeuka makorongo ya mchanga. Maji yamo, lakini yamo chini. Sharti yachimbwe katika kitanda cha mto, yachotwe kwa kibuyu, yagawanywe baina ya watu na ng'ombe, na kisima kilindwe kisianguke. Mtemi wa Kigogo hakuwa mtoza ushuru tu. Ndiye aliyekuwa na dhamana ya mvua, mwenye kuyatunza mawe yake ya ibada, na heshima yake ilisimama au kuanguka pamoja na mawingu. Ukija msafara wa watu mia tano, au elfu, katikati ya kiangazi, na kila mmoja akawa na kiu, unakunywa akiba ya kijiji na kununua nafaka ambayo huenda ikahitajika kabla ya mavuno. Nguo za merikani, shanga na waya zilizotolewa zilikuwa thamani ya maji na ya amani. Nahodha aliyezoea kulipa ushuru wa bandari angaliweza kuelewa hayo bila ya mkalimani.

Mwisho wa utaratibu huo unajulikana. Mwaka 1890 Carl Peters, akirudi kutoka Uganda, alipita Ugogo akakataa kutoa hongo, akachoma vijiji, akateka ng'ombe, kisha akayaandika hayo kitabuni kwa fahari. Tangu hapo maji ya Ugogo yakawa hayana bei. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, msafiri aliweza kuipita nchi yote bila ya kuomba hata kata moja. Na katika vita vya kwanza vya dunia, majeshi yalipochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi kwa nguvu, mvua nayo ikakosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Maelfu kwa maelfu walikufa.

Katika mwaka wa mwanzo wa njaa hiyo, katika nchi ya Dodoma, alizaliwa Mathias Mnyampala. Wapenzi wa ushairi hawahitaji kujulishwa jina hili, ingawa wengi humjua kwa upande mmoja tu: bingwa wa UKUTA, mtunzi wa Diwani ya mwaka 1963, baba wa ngonjera za siasa baada ya Azimio la Arusha. Visiwani amekuwa akitajwa kwa heshima iliyochanganyika na kisirani kidogo, kama mgeni aliyejifunza kutumbuiza akaja kuwafundisha wenye ngoma. Lakini mwaka 1954 Mnyampala alitoa kitabu cha nathari kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, na kitabu hicho kikisomwa baada ya maandishi ya safari, huonekana kuwa jibu ambalo Pwani haikutambua kwamba imejibiwa.

Kitabu hicho hakisafiri. Hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza na kubwa. Msafiri huingia Ugogo kutoka Marenga Mkali na kutoka kwa Mgunda Mkali; Mnyampala anakaa katikati na kueleza koo zilikotoka, zilivyofika, na nani alipata utemi wa wapi. Mahali ambapo kwa msafiri palikuwa kituo, kwake pana babu. Jina ambalo kwa Stanley lilikuwa la mdai hongo, kwa mwandishi wa aina hii lina ukoo, ndugu, na mvua za kuangalia. Hakuandika kwa hasira; hakuwajibu Burton na wenzake kwa kuwataja makosa yao. Aliwaondoa katika kiti cha msimulizi, akakaa yeye, na akatumia lugha ile ile iliyokuja na misafara.

Ni sadfa ya kufurahisha kwamba mwaka huo huo wa 1954 ndio uliotoka kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi. Amri Abedi alikuwa mzaliwa wa Ujiji. Watu wawili waliokuja kuwa na sauti kubwa katika kutetea vina na mizani katika karne ya 20 walitoka, basi, mmoja mwishoni mwa njia ya misafara na mwingine katikati yake. Njia iliyopandisha bunduki na merikani na kuteremsha pembe na mateka ilipandisha pia lugha, na baada ya miaka hamsini au sitini lugha hiyo ikarudi Pwani imevaa tarbia. Ukweli huo unatosha kuwafanya wanaogawa ushairi kwa nasaba ya mtunzi wafikiri tena.

Hata hivyo uhakiki usigeuke sifa tupu. Mnyampala aliandika historia kwa mwono wa koo na watemi, katika zama ambazo serikali ya kikoloni iliwatumia watawala hao. Wanawake waliochimba maji na kulima uwele hawana nafasi wanayostahili humo. Na katika mashairi yake kuna upungufu wa ajabu zaidi. Mshairi huyu aliyezaliwa katika njaa, katika nchi ya upepo na vumbi na mibuyu, mara nyingi aliiacha nchi hiyo nje ya ubeti. Alitunga mawaidha mema kwa mizani safi, lakini mawaidha hayo yangaliweza kutungwa Tanga au Lamu. Ni kana kwamba alipoingia katika nyumba ya ushairi wa Pwani alivua viatu vyake mlangoni, na vumbi la Ugogo likabaki nje pamoja navyo. Kosa hilo si lake peke yake. Nani katika wenye nyumba aliwahi kumwambia aingie na vumbi lake?

Suala hili lingekuwa la wanahistoria pekee lau kama mwono wa msafara ungekufa pamoja na misafara. Haukufa. Mwaka 1947 mabwana wa Kiingereza walikuja Kongwa na matrekta kulima karanga, wakaamini ramani kuliko mvua, na kufikia mwaka 1951 mpango umeporomoka baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Siku hizi nchi hiyo na jirani zake zinauzwa kwa watalii wa kupanda milima. Vijitabu vya matangazo, vingi kwa lugha za kigeni na vichache kwa Kiswahili kilichotafsiriwa, humwita msomaji aende Hanang, mlima wa volkano wenye zaidi ya mita 3,400 kaskazini mashariki ya Singida, kisha ateremke Kondoa kutazama michoro ya mapangoni ya Kolo. Lugha yake ni ya kushinda na kugundua: kilele kishindwe, njia igunduliwe, pori lisiloguswa liguswe. Mwenyeji hutokea akiwa ameshika mzigo au akiwa amevaa ngozi.

Lakini Hanang haukungojea kugunduliwa. Chini yake wamo Wabarbaig, ambao makaburi ya wazee wao yalilimwa pamoja na malisho wakati wa mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970. Na tarehe 3 Disemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima huo ulimeguka, tope na mawe yakateremka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Wengi walidhani volkano imeamka. Wataalamu wakaeleza kuwa ni maji yaliyoloweka miamba dhaifu. Hapo nchi ya kiu iliua kwa maji. Nathari ya kilele na ushindi haina neno moja la kusema juu ya siku ile, kwa sababu ndani yake hamna watu wa chini ya mlima.

Kolo nako kunafundisha. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na baadhi ya mapango yake hadi leo ni mahali pa ibada na pa kuombea mvua. Mtalii hukuta ukutani alama za matambiko zimewekwa karibu na michoro ya kale, naye huenda akakasirika kwamba urithi unaharibiwa. Mwenyeji huona kwamba pango lingali linafanya kazi yake. Mwandishi wa safari anayestahili jina hilo angekaa baina ya hasira ya mmoja na imani ya mwingine, akasikiliza, kisha akaandika. Maandishi hayo kwa Kiswahili bado ni haba mno, ingawa lugha hii ndiyo iliyoupa ulimwengu neno safari.

Kuna mto mmoja ambao ungeweza kuwa mwanzo. Kinyasungwe huanzia katika uwanda wa Dodoma, na kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Mvua zikinyesha huteremka mashariki, huungana na Mkondoa, huwa Wami, na humwaga maji yake baharini karibu na Saadani, mkabala na Unguja. Mvuvi wa visiwani anayeona mkondo umegeuka rangi ya udongo baada ya masika ya bara anaona, kwa sehemu, vumbi la Ugogo. Misafara ilitembea karibu na bonde hilo kwa miaka mingi ikihesabu vituo, na hakuna aliyeandika kwamba maji aliyolipia hongo huko juu yalikuwa njiani kuelekea kwao.

Malenga wa Pwani na malenga wa Ugogo hawana nasaba moja. Huyu ni mtunzi na yale ni maji, na kufanana kwao ni kwa sauti tu. Lakini mshairi huishi kwa kufanana kwa sauti. Wahariri na walimu wa visiwani wangefanya jambo la maana kama wangemsomesha Tippu Tip bega kwa bega na kitabu cha Mnyampala cha 1954, na Salim wa Siberia akawa shahidi kati yao, ili kijana anayejifunza nathari ajue kwamba njia ile ilikuwa na pande mbili, na kwamba mmoja wa waliokuwa wakiitazama misafara ikipita alikuja kuwa na mjukuu mwenye kalamu.